Baniani, Khoja na Mhindi wa Duka: Kalamu za Waasia katika Somo Letu la Fasihi

Hakuna mtahiniwa wa Kiswahili asiyeijua methali "Baniani mbaya kiatu chake dawa". Mwulize maana yake ya ndani, naye atakwambia bila kusita kwamba mtu tusiyempenda huweza kutufaa siku ya dhiki. Mwulize tena Baniani ni nani, na aghalabu hapo darasa hunyamaza. Wengine husema ni mchawi. Wengine husema ni mganga, kwa sababu dawa imetajwa. Ni wachache mno wanaojua kwamba Baniani ni jina ambalo Waswahili wa pwani waliwapa wafanyabiashara wa Kihindu kutoka Bara Hindi, na kwamba methali wanayoitumia kupamba insha imembeba jirani yao ndani yake kama mtu mbaya mwenye mali inayofaa.

Makala haya yanakusudia kuchunguza mambo mawili yanayokwenda sambamba: jinsi Mhindi wa Afrika Mashariki anavyosawiriwa katika fasihi tunayoifundisha, na jinsi waandishi wenye asili ya Kiasia, waliozaliwa hapa kwetu au waliohamia ng'ambo, wanavyotusawiri sisi na kujisawiri wenyewe. Hoja ninayoisimamia ni kwamba pande zote mbili zina kosa linalofanana, na kwamba mwalimu wa Kiswahili ndiye aliye katika nafasi nzuri zaidi ya kulionyesha, kwa kuwa yeye ana lugha ambayo vitabu hivyo vinaitegemea hata pale vilipoandikwa kwa Kiingereza.

Kwa mwalimu wa Nairobi, mandhari ya suala hili hayako mbali. Kila asubuhi maelfu ya wanafunzi hushuka matatu katika kituo kiitwacho Khoja, karibu na mwanzo wa River Road, na hulitaja jina hilo kama wanavyotaja Ngara au Odeon. Hawajui kwamba Khoja ni jina la jamii, na kwamba jengo kubwa la mawe lililo hapo karibu ni jamatkhana ya Waismaili iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. River Road yenyewe, pamoja na Biashara Street ambayo zamani iliitwa Bazaar, ilikuwa mitaa ya maduka ya Wahindi. Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1967 iliwawekea wafanyabiashara wasio raia mipaka ya maeneo na bidhaa, maduka mengi yakaanza kubadilisha wenyewe, na wengi wa waliohama wakaelekea Uingereza na Kanada. Waliobaki wengi wako Parklands, Ngara na Westlands, na watoto wao wamo katika madarasa yetu. Mwaka 2017 serikali iliwatambua Wakenya wenye asili ya Kiasia kuwa kabila la 44. Hilo lilikuwa tangazo la kisiasa. Katika fasihi bado hatujawapa kiti.

Nataka kuongeza jambo ambalo halitajwi sana. Historia ya maandishi ya Kiswahili nchini Kenya haikamiliki bila matbaa za Wahindi. Girdhari Lal Vidyarthi, mhariri wa Colonial Times aliyefungwa kwa kosa la uchochezi katika miaka ya 1940, alichapisha pia magazeti ya Kiswahili, Habari za Dunia na baadaye Jicho. Kwa hiyo yule Mhindi wa duka tuliyemzoea alikuwa na ndugu yake wa matbaa, ila ndugu huyo hakuingia katika methali.

Tukimgeukia Mhindi wa duka mwenyewe, tunamkuta kila mahali: katika vichekesho vya redio na jukwaani, katika tamthilia za tamasha za shule, na katika insha za wanafunzi. Sifa zake ni zilezile. Ni bahili, ana kikokotoo, anamfokea mfanyakazi, na anasema "veve nataka nini?" Mwanafunzi akiulizwa mbinu iliyotumika hapo huandika "kejeli" au "kuchanganya ndimi", akapata alama yake na kwenda zake. Lakini tuichunguze sentensi hiyo kiisimu. Kugeuza w kuwa v kuna sababu: Kigujarati hakitofautishi sauti hizo mbili kama Kiswahili kinavyofanya, sawasawa na jinsi lugha nyingine za mama hapa Kenya zisivyotofautisha r na l. Kukosea upatanisho wa kisarufi, kwa kusema "veve nataka" badala ya "wewe unataka", si kosa la Wahindi peke yao. Ni Kiswahili cha bara kinachosikika sokoni na kiwandani kutoka kwa watu wa makabila yote. Mwandishi anapompa Mhindi peke yake kosa hilo, na kuwapa wahusika wengine wote Kiswahili sanifu cha kitabuni, hiyo si uhalisia. Ni uamuzi. Anatumia sarufi kumwambia msomaji nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mhakiki hana budi kuutaja uamuzi huo kwa jina lake.

Ni katika muktadha huu ndipo riwaya ya Adam Shafi, Vuta n'kuvute (1999), inapopata uzito wake. Adam Shafi si Mhindi, lakini amempa binti wa Kihindi nafasi ambayo ni nadra kuiona katika riwaya ya Kiswahili: Yasmin ndiye mhusika mkuu. Anaozwa akiwa kigori kwa Raza, mwenye duka aliyemzidi umri kwa miongo kadhaa. Anapelekwa Mombasa, anatoroka, anarudi Unguja, na jamaa zake wanamfungia mlango. Anayemfungulia ni Mwajuma, mwanamke wa Ng'ambo, mpenzi wa taarab na starehe. Kisha anaingia Denge, kijana aliyesoma Urusi anayesakwa na polisi wa kikoloni, na mapenzi yanachanganyika na siasa.

Miongozo mingi hukimbilia mapenzi ya Yasmin na Denge na kuyaita ishara ya umoja wa mataifa yaliyotengwa na ukoloni. Sikatai. Hata hivyo naona kwamba kiini cha riwaya kiko kwa Mwajuma. Denge anampenda Yasmin, lakini harakati zinamchukua, na mwishoni mwa riwaya wawili hao hawako pamoja. Mwajuma ndiye anayempa chumba, chakula na marafiki, tena bila kumdai jibu la swali lolote la kisiasa. Utengano wa Mji Mkongwe na Ng'ambo unavukwa kwanza na wanawake wawili waliokuwa wakizungumza kama majirani. Mtahiniwa anayeandika juu ya dhamira ya utangamano akamsahau Mwajuma amepoteza hoja yake bora.

Kuna doa pia, nalo lisemwe. Msimulizi anaanza na uso wa Yasmin, na hachoki kuurudia uzuri wake. Mara kwa mara tunamwona kupitia macho ya wanaume wanaomtamani kabla hatujasikia anachofikiri. Ukombozi wa Yasmin, kwa kiasi fulani, unategemea uzuri huo. Tujiulize: binti wa Kihindi asiye mrembo angepata riwaya?

Inafaa kutaja hapa kwamba mwaka 2021 riwaya hii ilifanywa filamu ya Kiswahili na Amil Shivji, Mtanzania mwenye asili ya Kiasia, mwanawe msomi Issa Shivji. Filamu hiyo ilionyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka huohuo. Mwandishi Mzanzibari amemwazia binti wa Kihindi, na msanii wa asili ya Kihindi akaichukua hadithi hiyo na kuirudisha kwetu kwa Kiswahili. Mwalimu mwenye projekta asiache nafasi hiyo impite.

Sasa tugeukie upande wa pili. M. G. Vassanji alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akakulia Dar es Salaam, na sasa ni mwandishi mashuhuri wa Kanada. Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack (1989), ilipata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa kanda ya Afrika. Kichwa cha riwaya hiyo ni somo tosha la leksia. Gunny ya Kiingereza na gunia ya Kiswahili ni neno moja lenye asili ya Bara Hindi, lililosafiri kwa meli mbili tofauti. Msimulizi, Salim Juma, anarithi gunia kuukuu lililojaa vitu vya ukoo, na kila kitu kinachotolewa humo kinaanzisha kisa. Mwalimu anayefundisha mbinu rejeshi hatapata mfano ulio wazi kuliko huu: gunia ndilo kumbukumbu, na mkono unaoingia ndani ndio usimulizi.

Katika chimbuko la ukoo huo yupo Dhanji Govindji, Mhindi anayefungua duka katika mji wa kubuni uitwao Matamu, na yupo mwanamke Mwafrika, mtumwa aliyepewa, aitwaye Bibi Taratibu. Wanapata mtoto, Husein. Baadaye Dhanji anaoa mke wa jamii yake kutoka Zanzibar, na Bibi Taratibu anaondolewa nyumbani. Husein anapotea, na baba yake anatumia maisha yake yaliyobaki, pamoja na fedha zisizo zake, kumtafuta. Ukoo mzima unatokana na kosa hilo, naye Salim anajua kwamba damu yake ina utumwa ndani yake. Kwa jamii iliyojali sana usafi wa ukoo, kuandika hivyo kulihitaji ujasiri.

Lakini litazame jina la huyo mwanamke. Sisi walimu tumezoea kufundisha majazi, yaani mhusika kupewa jina linaloendana na tabia yake. Taratibu ni majazi kamili: hana haraka, hana kelele, anakuja akiitwa na anaondoka akifukuzwa. Hatuambiwi jina alilopewa na mamake. Hatusikii alilomwambia Husein alipotolewa nyumbani. Riwaya inamwonea huruma, tena huruma ya kweli, lakini haimpi ulimi. Hapa ndipo ninaposema kosa ni lilelile. Mhindi wetu wa duka ana "veve" badala ya sauti, na Mwafrika wa Vassanji katika kurasa hizo ana ukimya badala ya sauti. Wote wawili ni wahusika bapa walioumbwa na jirani aliyeishi nao miaka mia bila kuingia jikoni mwao.

Vassanji mwenyewe, nadhani, aliliona tatizo hili, kwani katika vitabu vilivyofuata amelirudia. Katika The In-Between World of Vikram Lall (2003), iliyopata Tuzo ya Giller ya Kanada, Njoroge si kivuli tena. Ni rafiki wa utotoni wa Vikram huko Nakuru wakati wa Mau Mau, na baadaye ni mwanasiasa mwenye msimamo, ilhali Vikram anazama katika ufisadi wa wakubwa. Kinaya cha riwaya hiyo ni kikali: Mhindi anayekataliwa kama mgeni anakubaliwa kwa moyo mkunjufu pale anapohitajika kuficha fedha. Njoroge anampenda Deepa, dadake Vikram, na familia ya Kihindi inauvunja uhusiano huo.

Kitabu kinachotuhusu zaidi sisi wa Kiswahili ni The Magic of Saida (2012). Kamal Punja, daktari huko Edmonton, anarudi Kilwa kumtafuta Saida, msichana wa utotoni mwake. Babake Kamal ni Mhindi na mamake Mwafrika, na mamake ndiye aliyempeleka kwa jamaa za babake Dar es Salaam ili afanywe Mhindi. Babu yake Saida ni malenga, Mzee Omari, mtunzi wa utenzi juu ya kuja kwa Wajerumani. Mwalimu yeyote atamkumbuka hapo Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, au Abdul Karim bin Jamaliddini na utenzi wake wa Vita vya Maji Maji. Ni heshima kubwa kwa ushairi wetu kuwekwa katikati ya riwaya inayosomwa duniani. Hata hivyo tunachokipata ni kivuli cha utenzi. Tunamwona malenga, tunaona wasikilizaji, tunahisi uchungu wa swali la nani hasa ni mtunzi. Lakini utenzi ni mizani minane inayogonga sikio, na kina cha bahari kinachofunga kila ubeti. Ukiuhamishia Kiingereza unabaki na habari bila ngoma. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyekwisha kughani beti kumi za utenzi ana kitu ambacho msomaji wa Toronto hana, na anastahili kuambiwa hivyo.

Msomaji makini ameshaona kwamba mapenzi ya Mhindi na Mwafrika katika kazi hizi zote huishia njiani. Dhanji na Taratibu, Yasmin na Denge, Deepa na Njoroge, Kamal na Saida. Palipo na ndoa inayofaulu, kama katika Day After Tomorrow (1971) ya Bahadur Tejani, ambapo kijana wa Kihindi nchini Uganda anamwoa Nanziri, riwaya inalemewa na mahubiri na wahusika wanazungumza kama hotuba. Mwaka mmoja tu baada ya kitabu hicho kutoka, Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia wa Uganda na kuwapa siku 90. Na huko Zanzibar mwaka 1970 wasichana wenye asili ya Kiajemi waliozwa kwa nguvu wakubwa wa serikali ya Mapinduzi. Historia ya namna hiyo humfanya mwandishi mwaminifu aiogope harusi kama ishara ya umoja. Kwa hiyo mtahiniwa asilaumu waandishi kwa "kukata tamaa". Aonyeshe wameepuka nini.

Kwa upande wa ushairi, mfano ulio karibu na Nairobi ni Shailja Patel na kitabu chake Migritude (2010), kilichoanza kama onyesho la jukwaani. Mshairi anafungua sanduku la sari alizowekewa na mamake, na kila sari inatoa kisa: Wahindi waliofukuzwa Uganda, mateso ya Wakenya chini ya ukoloni wa Waingereza, safari za uhamishoni. Sanduku hili ni ndugu wa gunia la Vassanji, lakini linafunguliwa kwa namna nyingine. Gunia linatoa habari za ukoo. Sanduku linatoa za ukoo na za majirani, na ndiyo maana nalipenda zaidi. Patel anaanza na umbo la ambi, lile pambo la mfano wa embe ambalo viwanda vya Scotland vililiita kwa jina la mji wao. Mwalimu ashike kanga mkononi wakati huo. Pambo hilohilo limo, nasi huliita korosho. Wala neno embe haliko mbali na ambi, kwani wanaisimu hulihusisha na lugha za Bara Hindi. Katika shairi lake juu ya upendo wa wazazi wasiotamka neno upendo, kila hatua ya kuwasomesha mabinti inapimwa kwa thamani ya shilingi dhidi ya pauni. Sijui mzazi wa Kenya, wa kabila lolote, asiyeyaelewa mapenzi hayo ya karo.

Hapa wenzangu wengi hunisimamisha: kazi hizi ni za Kiingereza, zinatuhusu nini? Pingamizi ni halali. Mimi si miongoni mwa wanaotaka kuziita fasihi ya Kiswahili. Fasihi ya Kiswahili ni ile iliyoandikwa au kutamkwa kwa Kiswahili, na tukilegeza hapo tutakuwa tumewapa wengine kile tulichopigania. Lakini ni mkono wa nani uliotusaidia kuipigania? Farouk Topan, mzaliwa wa Zanzibar mwenye asili ya Kihindi, ni miongoni mwa walioanzisha ufundishaji wa fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili katika chuo kikuu, huko Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Alihariri Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili (1971), mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya uhakiki katika lugha yetu. Akaandika tamthilia mbili kwa Kiswahili, Mfalme Juha (1971) na Aliyeonja Pepo (1973), ambayo inamhusu mvuvi anayefikishwa mbinguni kabla ya wakati wake kwa kosa la watendaji wa huko. Zisome uone kama kuna "veve" yoyote. Kuna kejeli ya urasimu ambayo karani wa Nairobi wa leo angeitambua mara moja. Topan hakuandika juu ya Wahindi katika tamthilia hizo. Aliandika kama Mswahili, na hakuna aliyemwuliza kibali.

Kwa hivyo pendekezo langu kwa mwalimu ni la kawaida kabisa. Vuta n'kuvute na Aliyeonja Pepo zisomwe kama fasihi ya Kiswahili, kwa vigezo vyote vya fani na maudhui. Vassanji na Patel watumike kama kazi linganishi, kwa vifungu vichache ambavyo wanafunzi wenyewe watavitafsiri darasani. Kazi ya kutafsiri aya moja ya The Gunny Sack itawafundisha zaidi kuhusu uhamishaji wa maana kuliko ufafanuzi wa kurasa tatu. Watagundua, kwa mfano, kwamba maneno duka, gunia, pesa na gari hayawapi taabu yoyote, kwa sababu wanayarudisha karibu na yalikotoka. Kazi igawanywe kwa makundi, na asiwepo mwanafunzi wa Parklands anayegeuzwa kuwa msemaji wa Wahindi wote. Wagujarati, Kalasinga, Wagoa, Wabohora na Wakhoja hawana msemaji mmoja, kama vile Wabantu wasivyokuwa naye.

Swali la kuwapa mwishoni laweza kuwa hili: "Linganisha sauti ya Yasmin na ukimya wa Bibi Taratibu, kisha ueleze ni nani kati ya waandishi hao wawili aliyemjua jirani yake zaidi." Alama 20. Anayeorodhesha sifa za wahusika peke yake asivuke 8. Anayemtaja Mwajuma na kuonyesha kazi yake katika jibu hilo aongezwe, hata kama amekosea tahajia ya Vassanji.